Kilo Ngapi kwa Bati Moja? Somo la Uwiano wa Bei katika Biashara ya Dunia



Katika vyama vya msingi mkutano mkuu una saa moja iliyo ngumu kuliko zote. Ni saa ile katibu asomapo bei ya mwisho ya zao. Bei ikiwa nzuri, hakuna aulizaye imetoka wapi. Ikiwa mbaya, macho yote humgeukia katibu na halmashauri yake. Pengine shaka ya wanachama ina haki, na ndiyo maana hesabu hukaguliwa. Lakini mara nyingi bei imeshuka katika miji ambayo katibu hajapata kuiona, kwa sababu ambazo hakupata kufundishwa, naye akabaki hana maneno ya kujibu. Chama kikikosa maneno hayo, uaminifu wake huharibika kwa jambo ambalo hakikulitenda, na ikiwa kweli wako walioiba, nao hupata mahali pa kujificha, kwani husema, "Ni bei ya dunia."

Somo hili lakusudia kuwapa makatibu na wanachama maneno hayo pamoja na hesabu yake. Tumelichota katika elimu ifundishwayo vyuo vikuu kwa jina la uchumi wa kimataifa. Elimu hiyo ni pana, nasi tumechagua humo jambo moja linalomgusa mkulima moja kwa moja, yaani uwiano wa bei. Tutaeleza maana yake, wataalamu walioligundua na waliobishana juu yake, mataifa yalijaribu kufanya nini, na mwishowe jinsi kipimo hicho kiwezavyo kutumika katika daftari la chama.

1. MAANA YA UWIANO WA BEI

Mkulima hauzi kahawa ili aweke shilingi sandukuni. Huuza ili apate bati, mbolea, sukari, nguo na karo ya watoto. Kwa hiyo bei ya kahawa peke yake haimwambii kama amepata au amepoteza. Hana budi kuilinganisha na bei ya vitu anavyonunua. Ulinganisho huo ndio uitwao uwiano wa bei.

Tutoe mfano wa kubuni. Mwaka wa kwanza mkulima aliuza kahawa kwa sh. 4,000 kilo moja, na bati moja lilikuwa sh. 20,000. Alihitaji kilo 5 kupata bati moja. Mwaka wa sita kahawa imepanda na kufika sh. 5,000, lakini bati limefika sh. 35,000. Sasa ahitaji kilo 7. Bei ya kahawa imeongezeka kutoka 100 hadi 125, ya bati kutoka 100 hadi 175. Ukigawa 125 kwa 175 na kuzidisha kwa 100, utapata 71. Maana yake kila kilo ya kahawa sasa inanunua sehemu 71 tu kati ya 100 ilizokuwa ikinunua zamani, ingawa bei yake imepanda.

Wataalamu hawakuishia hapo. Huuliza pia juu ya mavuno yote. Kama mkulima huyo aliuza kilo 300 mwaka wa kwanza, alipata thamani ya mabati 60. Mwaka wa sita, akiuza kilo 350, atapata mabati 50 tu, japokuwa mavuno yameongezeka. Ili arudi kwenye mabati 60 lazima auze kilo 420.

Swali la tatu ndilo zito zaidi: je, kilo hizo 420 zimemgharimu siku ngapi za kazi? Tuseme mwaka wa kwanza alifanya kazi siku 150. Kila bati lilimgharimu siku mbili na nusu. Ikiwa kilo 420 zimetaka siku 180, bati moja sasa lamgharimu siku 3, naye ameongeza jasho ili abaki pale pale. Ikiwa kwa kupogolea vizuri na kutumia miche bora amezipata kwa siku zile zile 150, hakupoteza kitu. Lakini pia hakupata kitu kwa ufundi wake mpya. Faida yote ya ufundi huo imekwenda kwa mwingine. Nani huyo? Swali hili ndilo lililowashughulisha wataalamu wakubwa kwa miaka mingi.

2. MAFUNDISHO YA KWANZA

Kwa muda mrefu vyuo vilifundisha kwa kufuata maandishi ya David Ricardo wa Uingereza, aliyetoa kitabu chake mwaka 1817. Ricardo alitoa mfano wa nguo za Uingereza na mvinyo wa Ureno. Alionyesha kwamba nchi mbili zaweza kunufaika kwa kubadilishana hata kama moja yazishinda nyingine katika kazi zote, ilimradi kila moja ishike kazi inayoiweza zaidi ikilinganishwa na kazi zake nyingine. Fundisho hilo lingali likifundishwa hadi leo, na hesabu yake ni sahihi.

Hata hivyo laacha jambo moja. Laonyesha kwamba biashara ina faida, lakini halisemi faida hiyo itagawanywaje mwaka hadi mwaka. Tena wataalamu wa zamani walitazamia kwamba mazao ya shamba yatazidi kuwa ghali. Walisema ardhi haiongezeki, hali viwanda vyaweza kuongeza bidhaa bila kikomo. Kwa mawazo hayo mkulima hakuwa na la kuhofia. Mbele yake kulikuwa na heri.

3. UTAFITI WA MWAKA 1949

Mmoja wa walioyaamini mafundisho hayo alikuwa Raúl Prebisch, mzaliwa wa Argentina mwaka 1901. Alifundisha uchumi katika Chuo Kikuu cha Buenos Aires, na kuanzia mwaka 1935 hadi 1943 aliongoza Benki Kuu ya nchi yake. Argentina iliuza ngano na nyama kwa wingi, ikanunua mashine. Ulipofika mdororo mkubwa wa miaka ya 1930, bei za ngano na nyama ziliporomoka kupita bei za mashine, na Prebisch akashuhudia kwamba nchi iliyoyatii mafundisho iliumia. Akaanza kuyahoji.

Wakati huo huo Hans Singer, mzaliwa wa Ujerumani aliyesomea Bonn na kisha Cambridge, alikuwa akifanya kazi Umoja wa Mataifa. Utafiti uliotolewa huko mwaka 1949 ulikusanya bei za miaka mingi, nyingi zikiwa zimetoka katika vitabu vya forodha vya Uingereza. Prebisch akazitumia takwimu hizo mwaka huo huo katika taarifa yake kwa Tume ya Uchumi ya Amerika ya Kusini iliyokuwa Santiago, Chile. Ilionekana hivi: kiasi cha mazao kilichonunua bidhaa za viwandani zenye thamani ya 100 katika miaka ya 1876 hadi 1880, kilinunua bidhaa za thamani ya 64 tu ilipofika miaka ya 1936 hadi 1938.

Ndugu msomaji, tazama kwamba ugunduzi huu ulitoka katika madaftari. Karani wa forodha aliyeandika uzito na bei ya magunia mwaka 1876 hakujua kwamba anafanya utafiti.

Wataalamu hao walieleza sababu mbili. Ya kwanza ni tabia ya mnunuzi. Mwaka 1857 Mjerumani aitwaye Ernst Engel alikuwa ameonyesha kwamba kadiri jamaa wanavyotajirika, ndivyo sehemu ya mapato yao inayokwenda kwenye chakula inavyopungua. Mtu aliyeongezewa mshahara maradufu hanywi vikombe vya kahawa maradufu. Fedha iliyozidi hununulia motokaa na redio. Kwa hiyo dunia ikitajirika, haja ya mashine huongezeka upesi kuliko haja ya mazao.

Sababu ya pili ni nguvu ya kupatana. Kiwanda kikipata mashine bora, gharama hupungua. Lakini wafanyakazi wana vyama vyao na wenye viwanda ni wachache, basi faida hubaki kwao kwa njia ya mishahara na mapato makubwa, na bei haishuki sana. Wakulima wakipata mbegu bora, mavuno huongezeka. Lakini wao ni mamilioni waliotawanyika, kila mmoja akiuza peke yake, basi bei hushuka na faida humwendea mnywaji. Tafakari sababu hii. Yaeleza kwa lugha ya chuo kikuu jambo ambalo wakulima wa Kilimanjaro walilijua walipoanzisha chama chao mwaka 1925, ambacho kilifuatiwa na chama kikuu cha KNCU mwaka 1933.

4. WALIOBISHA

Kazi ya chuo kikuu si kusifu utafiti bali kuujaribu. Wengi waliujaribu utafiti huu, na pingamizi zao zina mafunzo kwa katibu yeyote.

Wa kwanza walisema: bei imepimwa wapi? Bei ya ngano iliyoandikwa bandarini Uingereza ilikuwa na nauli ya meli ndani yake. Katika miaka ile meli za mvuke zilipunguza nauli kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo bei ya London yaweza kushuka bila mkulima wa Argentina kupoteza senti. Wa pili walisema: bidhaa zenyewe hazikubaki zile zile. Baiskeli ya mwaka 1938 si ile ya mwaka 1876. Anayelipa zaidi huenda amepata kilicho bora zaidi, hali ngano ni ngano. Wa tatu walisema: mwaka wa kuanzia umechaguliwa kwa haki? Anayeanza hesabu katika mwaka wa bei ya juu ataona mteremko. Anayeanza katika mwaka wa bei ya chini ataona mlima.

Ubishi huo haukuwa wa bure, maana ulileta utafiti bora. Mwaka 1988 Enzo Grilli na Maw Cheng Yang walitoa hesabu ya mazao na madini 24 kuanzia mwaka 1900 hadi 1986. Waliona kwamba, kwa jumla, bei zake zikilinganishwa na za bidhaa za viwandani zilipungua kwa karibu nusu ya asilimia moja kila mwaka. Kiasi hicho chaonekana kidogo, lakini kikiendelea kwa miaka 86 kinakula zaidi ya theluthi. Hata hivyo, mazao hayakuwa na mwendo mmoja. Nyuzi, nafaka na madini yalishuka. Lakini kundi la kahawa, kakao na chai lilipanda katika muda huo. Mwaka uliofuata John Cuddington na Carlos Urzúa walizipima tena takwimu hizo kwa njia nyingine, wakasema hawaoni mteremko wa taratibu. Waliona anguko moja kubwa la mwaka 1921, baada ya hapo bei ikapanda na kushuka bila kuelekea upande mmoja.

Basi tujifunze nini? Anayesema bei ya kila zao hushuka daima amepita mpaka wa ushahidi. Anayesema soko litamlinda mkulima lenyewe naye amepita mpaka. Kilicho hakika ni kwamba bei za mazao huyumba sana, kwamba makundi mengi ya mazao yalirudi nyuma katika karne ya ishirini, na kwamba mkulima hawezi kujua yuko wapi asipopima zao lake mwenyewe.

5. FUNDISHO LA ARTHUR LEWIS

Arthur Lewis alizaliwa mwaka 1915 katika kisiwa cha Saint Lucia, Karibi, kwa wazazi waliokuwa walimu. Alifundisha London, kisha Manchester, kisha Princeton huko Marekani, na mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Theodore Schultz. Jibu lake kwa swali letu lilitoka upande ambao wengine hawakuutazama, yaani shamba la chakula.

Lewis aliuliza: kwa nini saa moja ya kazi katika shamba la kahawa hulipwa kidogo kuliko saa moja ya kazi kiwandani Ulaya? Akajibu kwamba kila mtu hupima kazi mpya kwa kazi aliyo nayo. Mfanyakazi wa Ulaya hakukubali kwenda kiwandani kwa ujira ulio chini ya kile ambacho shamba la ngano lingempa. Mkulima wa nchi za joto, ambaye shamba lake la nafaka lilizaa kidogo, alikubali kulima kahawa kwa malipo yaliyozidi kidogo mapato yake ya nafaka. Alikumbusha kwamba mwaka 1900 ekari ya ngano Uingereza ilitoa ratili 1,600, hali ekari ya nafaka katika nchi za joto ilitoa ratili 700.

Kutokana na hayo alitoa hitimisho lenye kushangaza. Ukiboresha mbegu ya kahawa peke yake, watu wengi watalima kahawa, bei itashuka, na faida itamfikia mnywaji aliye mbali. Lakini ukiboresha mahindi, ndizi na maharage, hakuna atakayekubali kulima kahawa kwa malipo duni, kwa sababu ana mahali pengine pa kupata riziki. Aliye na ghala lililojaa hupatana akiwa amesimama. Mwenye njaa hupatana akiwa amepiga magoti. Ndiyo kusema kwamba chama cha wakulima wa zao la biashara kinachoacha mashamba ya chakula ya wanachama wake yadhoofike kinadhoofisha bei ya zao lake chenyewe.

6. KUTOKA DARASANI HADI MEZA YA MKUTANO

Mafundisho haya hayakubaki vitabuni. Mwaka 1964 mataifa yalikutana Geneva katika Mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya Biashara na Maendeleo, na Prebisch akawa katibu mkuu wa kwanza wa chombo hicho. Nchi maskini ziliungana hapo na kuunda Kundi la 77. Kenya na Uganda zilikuwamo, pamoja na Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, iliyozaliwa tarehe 26 Aprili mkutano ukiwa ungali unaendelea.

Katika kahawa hatua ilikuwa imekwisha kuchukuliwa. Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulitiwa saini mwaka 1962, na Shirika la Kahawa la Kimataifa likaanzishwa London mwaka 1963. Kila nchi yenye kuuza ilipewa mgawo. Bei ikishuka, migawo yote ilipunguzwa; bei ikipanda, ililegezwa. Nchi zenye kununua nazo zilisaidia kwa kudai cheti cha asili kwa kila shehena. Kwa nini wanunuzi walikubali kulipa zaidi? Marekani, baada ya mapinduzi ya Cuba ya mwaka 1959, iliona kwamba kuporomoka kwa kahawa kungeleta machafuko katika Amerika ya Kusini. Siasa ilikuwa nguzo moja ya bei.

Migawo ilisimamishwa katika miaka ya 1970. Julai 1975 sakitu, yaani umande ulioganda kwa baridi, iliteketeza mibuni ya Paraná huko Brazil, na mwaka 1977 bei ikapita dola 3 kwa ratili. Migawo ilirudishwa mwaka 1980, na kwa kila mwaka kati ya 1981 na 1988 wastani wa bei ya Shirika ulikuwa juu ya dola moja kwa ratili. Lakini ubishi ulikuwa umeanza ndani ya nyumba. Nchi zilizoongeza mavuno zilitaka mgawo mkubwa na za zamani hazikutaka kupunguziwa. Tena kahawa ilikuwa ikiuzwa kwa bei ya chini kwa nchi zisizokuwa katika mkataba. Julai 1989 migawo ilivunjika. Mwaka 1992 wastani wa bei ulikuwa karibu senti 53 za Marekani kwa ratili. Mwaka 2001, Vietnam ikiwa imeingia sokoni kwa mavuno makubwa, ulikuwa karibu senti 46. Mikataba iliyofuata haina mgawo.

Jaribio jingine lilifanyika hapa kwetu Afrika Mashariki. Mei 1976, katika Jumba la Mikutano la Kenyatta, Nairobi, mataifa yalikubaliana juu ya mpango wa pamoja wa mazao. Kiini chake kilikuwa mazao na madini kumi, kahawa, chai, pamba na mkonge yakiwamo, na mfuko wa kununua akiba pale bei inaposhuka. Fedha zilizotazamiwa mwanzoni zilikuwa dola milioni 6,000. Mapatano ya mfuko yalikamilika mwaka 1980 kwa kiasi kilicho kidogo mno kuliko hicho, na hayakuanza kutumika hadi Juni 1989. Mwezi uliofuata migawo ya kahawa ikavunjika. Mfuko ulipopata nguvu ya sheria, mikataba uliokusudiwa kuitegemeza ilikuwa ikianguka.

7. VYUO VYETU

Elimu hii haikubaki ugenini. Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 katika Mtaa wa Lumumba, na mwaka 1965 kikawa na ofisi yake ya utafiti wa uchumi. Mwaka huo huo Nairobi ilipata Taasisi ya Taaluma za Maendeleo. Mlimani walifundisha watu kama Tamás Szentes wa Hungaria, na Mtanzania Justinian Rweyemamu, ambaye mwaka 1973 alitoa kitabu juu ya hali duni na ujenzi wa viwanda Tanzania. Mwalimu Nyerere alipenda kuieleza elimu hiyo kwa lugha ya mkulima, akihesabu tani za mkonge zinazohitajika kununua trekta moja; na kuanzia mwaka 1987 hadi 1990 aliongoza Tume ya Kusini iliyochunguza mambo haya haya.

Mwaka 1988 ulianzishwa Nairobi muungano wa utafiti wa uchumi wa nchi za Afrika, ambao tangu mwaka 1993 huendesha shahada ya uzamili kwa ushirikiano wa vyuo vya nchi mbalimbali. Chuo cha Ushirika Moshi, kilichofunguliwa mwaka 1963, kimekuwa chuo kikuu tangu mwaka 2014.

Lakini mtafiti wa Mlimani au Moshi hukutana na upungufu mmoja. Bei za New York na London zimeandikwa kila siku. Bei aliyolipwa mkulima mlangoni pa chama, na bei aliyonunulia bati dukani, aghalabu hazikuandikwa mahali pamoja. Tena Tanzania vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, hivyo mfululizo wa leja zao ukakatika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Utafiti nao ni hivyo.

8. KAZI YA KATIBU

Kila katibu aweza kuanzisha daftari la uwiano wa bei kwa gharama ya daftari moja na kalamu. Afuate hatua hizi:

(a) Achague vitu vitano ambavyo wanachama hununua sana, kwa mfano bati, mfuko wa saruji, mfuko wa mbolea wa kilo 50, kilo ya sukari na jembe. Vitu visibadilishwe. Bei zichukuliwe duka lile lile, mwezi ule ule wa kila mwaka.

(b) Aandike bei halisi aliyolipwa mwanachama baada ya makato yote, malipo ya awali na ya pili yakijumlishwa. Bei ya mnadani iandikwe katika safu yake mbali.

(c) Agawe bei ya kila kitu kwa bei ya kilo moja, ili apate idadi ya kilo zinazohitajika.

(d) Siku ya mnada aandike bei ya dunia kwa ratili, na shilingi ngapi zilipata dola moja.

Hatua ya (d) ndiyo itakayomwokoa katika mkutano mkuu, kwa kuwa bei ya mkulima huundwa na mambo matatu: bei ya dunia, thamani ya shilingi, na makato ya njiani. Tutoe mfano wa kubuni tena. Bei ya dunia ni dola 2 kwa ratili. Kilo moja ni ratili 2.2046, basi kilo ni dola 4.41. Dola ikiwa sh. 2,500, kilo ya kahawa safi ni kama sh. 11,000. Lakini mwanachama hakuleta kahawa safi. Alileta kahawa ya maganda, iliyomenywa na kukaushwa ingali na ganda la ndani, na kilo 100 zake hutoa kama kilo 80 za kahawa safi. Kwa hiyo kilo aliyoileta yeye ni sawa na sh. 8,800 kabla ya makato. Mwanachama asiyeambiwa hayo hulinganisha sh. 11,000 alizozisikia redioni na fedha aliyopewa mkononi, na tofauti yote huiita wizi. Akiambiwa, ataanza kuhesabu kuanzia sh. 8,800, na hapo ana haki ya kudai maelezo ya kila shilingi iliyobaki: kukoboa, usafiri, ushuru, riba ya mkopo na ada ya chama. Daftari hilo humlinda katibu mwaminifu, na humfichua asiye mwaminifu.

Tuonye pia juu ya miaka ya neema. Februari 2025 bei ya kahawa aina ya arabika ilipita dola 4 kwa ratili katika soko la New York, na watu wakasema haijapata kuonekana. Kwa hesabu ya dola tupu ni kweli. Lakini tangu mwaka 1977 bei za bidhaa nchini Marekani zimepanda zaidi ya mara tano. Dola 4 za mwaka 2025 hazifikii uwezo wa dola moja ya mwaka 1977, na mwaka ule ratili ilipita dola 3. Chama kilicho na daftari la uwiano hakitakopa kwa kulewa bei ya mwaka mmoja. Kitatenga sehemu ya ziada kwa ajili ya mwaka wa kiangazi, na sehemu nyingine kwa mbegu za chakula, kama Lewis alivyofundisha.

MASWALI YA KUZUNGUMZWA KATIKA VIKAO

1. Mwaka jana mwanachama wa chama chenu alihitaji kilo ngapi za zao lenu kupata mfuko mmoja wa mbolea? Miaka kumi iliyopita je? Kama hamna majibu, nani ameagizwa kuyatafuta?

2. Waliobisha utafiti wa mwaka 1949 waliuliza, "Bei imepimwa wapi?" Onyesheni tofauti kati ya bei ya dunia, bei ya mnadani na bei ya mlangoni pa chama chenu.

3. Migawo ya kahawa ilivunjika kwa sababu walio ndani walishindwa kugawana na wengine waliuza pembeni. Je, wako wanachama wenu wanaouza zao pembeni, nje ya chama? Ni jambo gani katika malipo yenu linalowasukuma kufanya hivyo?

4. Kati ya makato yote ya mwaka jana, ni yapi ambayo katibu aweza kuyaeleza kwa stakabadhi mbele ya mkutano mkuu?

5. Chama chenu kimefanya nini kwa mashamba ya chakula ya wanachama katika misimu mitatu iliyopita?

Chama kitakachojaza daftari la uwiano kwa misimu mitatu mfululizo kilete nakala yake ofisi ya Chama Kikuu, ili ziwekwe pamoja na za vyama vingine na kuandaliwa kwa wanafunzi na watafiti watakaozihitaji.